Niangalie Mdomo

Kwa Mwalimu Zamda wa Mtendeni mtoto hasomi kwa macho peke yake. Juzuu iko mbele yake, sawa, kidole kiko kwenye mstari, sawa, lakini akifika kwenye herufi inayomshinda atagongwa goti kidogo kwa kijiti cha fagio na kuambiwa, "Niangalie mdomo." Basi anainua uso. Mwalimu anaitamka ile herufi taratibu, midomo wazi, ulimi unaonekana unakokwenda, na mtoto anafuata mpaka uso wake ufanane na wa mwalimu. Akikosea, tena. Akikosea tena, tena vilevile, hata kama adhuhuri imeingia na mama yake ameshatuma mtu wa kumwita. Tabora mjini wapo wanaume wazima, wenye maduka yao na vitambi vyao, ambao mpaka leo wakisimama kusali wanatanua midomo kama Mwalimu Zamda, na wenyewe hawajui.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mkali kama pilipili kichaa. Majirani walimsalimia kwa uangalifu maana alikuwa na tabia ya kuwasahihisha salamu. Lakini akicheka, mara moja moja hivi, watu walisahau ukali wote. Meno yake yalikuwa meupe na yamepangana vizuri, na mumewe Abbasi, fundi seremala mwenye maneno machache, alipenda kusema kwamba ndiyo yaliyomwoa, yeye hakuwa na mpango.

Kisomo kile hakikuanzia kwake. Babu wa baba yake alitoka Bagamoyo na msafara, enzi za pembe za ndovu na shanga, akafika Unyanyembe nyayo zimepasuka na mzigo wake umeibwa njiani kule Ugogo. Kitu pekee alichofika nacho ni kile alichokibeba mdomoni. Akakaa, akaoa Mnyamwezi, akafundisha mwanawe herufi kwa herufi, na mwanawe akafundisha wa kwake, mpaka kikamfikia Mwalimu Abdulatifu, baba yake Zamda. Watoto wa kiume wa Abdulatifu walikimbilia biashara. Aliyebaki kukaa mkekani ni huyu binti, na mzee hakuwa na shida na hilo. Siku anampa idhini ya kufundisha alimwambia jambo moja tu, kwamba amekabidhiwa mdomo ambao si wake.

Sasa huku bara ndimi zetu zina mazoea yake. Thelathini inakuwa selasini, dhahabu inakuwa zahabu, na sokoni hakuna aliyewahi kufa kwa ajili hiyo. Chuoni kwa Mwalimu Zamda ilikuwa vita. Herufi ya thee ilitaka ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya juu ya mbele, dhali vilevile, fee ilitaka meno yayo hayo yakae juu ya mdomo wa chini, na dhwadi, hiyo ndiyo mama wa mashaka, ilitaka ubavu wa ulimi uegemee magego. Mtoto aliyesoma "s" mahali pa thee alijiona amefanya jinai. "Babu yangu hakutembea kutoka pwani kwa miguu ili wewe uje umkatie njia hapa," aliwaambia watoto ambao hawakujua hata pwani iko upande gani.

Idhini yenyewe alikuwa hajampa mtu. Wengi walisoma wakahitimu, wakaenda zao, lakini mtu wa kupokea kisomo chote na kukiendeleza alimpata mmoja tu, binti aliyeitwa Asmahani. Asmahani alikuwa na kila kitu isipokuwa dhwadi. "Rudi ikinyooka," Mwalimu alimwambia, na Asmahani alirudi, na akarudi, mpaka akaja mwanamume mkulima wa tumbaku akamposa na kumpeleka kwao Goweko. Mwalimu Zamda hakujali sana. Alijua bado ana miaka, na mdomo wake ulikuwa mzima.

Ugonjwa ulimwingia bila kupiga hodi. Ulianza na damu kidogo kwenye mswaki, nyekundu nyepesi, isiyouma. Mtu mwingine angepuuza tu. Mwalimu Zamda hakupuuza, na hapo ndipo alipojimaliza, maskini, kwa kujali kwake. Yeye alikuwa mfungaji. Aliufunga mwezi wa Ramadhani kama wote, halafu akafunga Jumatatu na Alhamisi, akafunga Rajabu kwa sehemu kubwa na Shaabani karibu yote. Na mfungaji akimeza damu, saumu yake ina walakini. Kwa hiyo alipoona fizi zinatoka damu zikiguswa, akaamua zisiguswe. Alisukutua maji na kutema, akapitisha mswaki juu juu kwenye meno kama mtu anayepangusa vumbi kwenye picha ya marehemu, na fizi akaziacha zipumzike. Jioni baada ya kufuturu angeweza kupiga mswaki vizuri, nani angemkataza? Lakini mkono ulishazoea kuogopa. Tena damu ilikoma kuonekana, akaona dawa ameipata.

Abbasi alisikia harufu ya kinywa cha mkewe kabla mwenyewe hajasikia chochote. Naye, kwa sababu ya adabu zake ambazo zimewahi kumgharimu mambo mengi, akanyamaza. Alimletea asali ya porini akamwambia apake kwenye fizi, ni nzuri kwa kinywa, hakusema kwa nini. Mwalimu akapaka. Ikapita mwaka, ukaingia mwingine.

Siku moja anamwonyesha mtoto thee, ncha ya ulimi ikagusa jino la mbele na jino likaitikia. Lilicheza. Kidogo sana, lakini mtu aliyeutumia mdomo wake miaka yote ile kama chombo cha kazi hawezi kudanganywa. Alinyamaza katikati ya herufi. Watoto nao, kwa vile ndivyo walivyofundishwa, wakanyamaza midomo wazi.

Daktari wa meno aliyempokea alikuwa binti wa wafugaji wa Nzega, Daktari Koleta, mpole, aliyekuwa amefungua kliniki yake ndogo baada ya kusoma Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna jino moja linacheza. Nataka ulikaze."

Daktari Koleta akachungulia, akapima kwa kijiti cha chuma fizi moja baada ya nyingine, akapiga picha. Alipomaliza akaibandika picha kwenye taa na kumwita Abbasi naye aone.

"Si jino moja, mama. Ona hapa. Huu mstari ndio mfupa unaoshika meno. Ulitakiwa uwe huku karibu na shingo ya jino. Umeliwa mpaka hapa."

Abbasi akaangalia muda mrefu. Yeye alikuwa amewahi kuitwa kutengeneza mlango wa mninga uliong'aa kwa nje, akaugusa na bisibisi ikazama mpaka mpini. "Mchwa," alisema.

"Kama mchwa, baba, ndiyo. Mama, unapiga mswaki vizuri?"

Mwalimu akamweleza habari ya damu na saumu, kwa kirefu, kwa fahari kidogo hata, kama mtu anayesubiri kupongezwa. Daktari Koleta akainamisha kichwa. Alikuwa Mkristo, hakutaka kutia neno kwenye ibada ya mama wa watu.

"Damu ile ilikuwa inakuomba mswaki zaidi, mama," alisema mwishowe. "Ulipoziacha fizi, vijidudu vilipata nyumba."

 Mwalimu Zamda aliona aibu, aibu ya mtoto aliyesoma ukurasa mzima kwa sauti kubwa kumbe ameshika juzuu juu chini.

Ndipo daktari akamweleza lile jambo ambalo baadaye alilishikilia kama mtu anayezama anavyoshikilia unyasi. Angemtoa damu kidogo mkononi, akaiweka kwenye mashine ikazunguka mpaka ikajitenga, wekundu chini, maji ya njano juu. Ndani ya maji yale zimejaa chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda mtu akijikata na kisu. Angesafisha mizizi ya meno, kisha angeyaweka yale maji chini ya fizi.

"Damu yangu mwenyewe niirudishe mdomoni?"

"Wekundu wenyewe unabaki kwenye kichupa, mama. Yanaingia haya maji tu."

"Yatafanya nini huko?"

"Vijidudu vya fizi vina sumu. Sumu hiyo inaua seli zinazojenga mfupa. Watafiti wamejaribu maabara, wakaona seli zile zikiwekewa maji haya zinastahimili, hazifi ovyo, zinaendelea na kazi yake. Ila nikuambie ukweli, hayo yametokea ndani ya kibakuli cha kioo. Mdomoni mwa mtu mambo ni mengi. Tena yanalinda seli iliyo hai. Iliyokufa hayaifufui. Kwa hiyo tusichelewe. Njoo wiki hii."

"Wiki hii mwezi unaandama."

"Mama."

"Nitakuja baada ya Idi."

Hapa mtu unatamani uingie mwenyewe umshike mkono. Imamu wa msikiti wao alimwambia wazi kwamba tiba ni tiba, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Abbasi alimsihi, na Abbasi si mtu wa kusihi. Mwalimu hakusikia la mtu. Alishaharibu meno kwa ajili ya saumu, akaona akiivunja sasa itakuwa ameharibu vyote viwili. Akafunga mwezi mzima, akasali Idi, kisha akaunganisha na siku sita za Mfungo Mosi, maana hakuwahi kuziacha tangu akiwa kigori. Alipokwenda kwa Daktari Koleta, meno ya mbele yalikuwa yameanza kuachana kama wageni wanaotaka kuaga.

Daktari hakumlaumu. Alisafisha, akatoa damu, mashine ikazunguka. Mwalimu Zamda akakishika kile kichupa mwenyewe akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, wekundu chini na juu maji rangi ya asali mbichi. Akasoma dua. Kwa mara ya kwanza tangu jino licheze alijisikia ana mtu upande wake, tena mtu huyo alitoka kwenye mshipa wake mwenyewe. Yale maji yakaingia chini ya fizi, mshono ukapita, na akaambiwa masharti. Asile kigumu. Apige mswaki laini, asiogope. Na kwa wiki kadhaa asiyasukume meno ya mbele na ulimi.

"Hata kidogo, mama. Seli zinataka utulivu. Fundisha kwa masikio."

Alijikaza kisabuni. Aliketi mkekani kimya, akasikiliza, akagonga goti la aliyekosea na kumwashiria arudie. Fizi zikabadilika rangi, harufu ikapungua, na Abbasi akaanza kupiga mluzi kwenye karakana yake. Daktari Koleta alipoyagusa meno alisema yametulia kidogo, halafu akaongeza upesi, "Kidogo, mama, usinielewe vibaya." Lakini Mwalimu alikuwa ameshaelewa alivyotaka.

Tatizo lilikuwa Tunu. Huyu alikuwa mtoto mdogo kuliko wote, ana meno ya utotoni kama punje za mchele, na alikuwa ameingia chuoni wakati ule ule wa kimya. Alifika kwenye sura fupi yenye thee na akasoma "s". Mwalimu akagonga goti. Tunu akarudia, "s". Akagongwa tena. Mtoto akamtazama mwalimu wake mdomoni, akasubiri, maana wenzake walimwambia hapo ndipo jibu linapotoka, na mdomo ule ulikuwa umefungwa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Alikuwa ameanza kulia kimyakimya, bila kufuta machozi, macho yamebaki pale pale mdomoni.

Mwalimu Zamda alivumilia kadiri ya uwezo wake, ambao haukuwa mkubwa. Akasema moyoni, mara moja tu.

"Niangalie mdomo," akasema. "Thee."

Ncha ya ulimi kwenye ukingo wa meno. Tunu akajaribu, akakosa. "Thee," Mwalimu akarudia. "Thee. Uone ulimi. Thee." Asubuhi ile nzima ilikwenda hivyo, na alikuwa na furaha, jamani, furaha ya mtu aliyerudishiwa sauti yake. Karibu na adhuhuri Tunu akaipata. Ilitoka safi, nyembamba, mahali pake hasa, na darasa zima likashangilia. Kuanzia siku hiyo masharti yakawa yamekwisha, ingawa hakuna aliyeyatangaza kwisha. Akaja mwingine na dhali yake, mwingine na fee.

Jino la kwanza lilitoka mwezi uliofuata, palepale mkekani, likisukumwa na herufi. Hakukuwa na maumivu. Aliliona tu limekaa kwenye kiganja chake, zuri, jeupe, na mzizi wake mrefu umebaki mtupu. La jirani yake likalifuata, kisha la upande wa pili, kisha magego mawili ya juu kushoto. Daktari Koleta alipiga picha nyingine na safari hii hakuibandika kwenye taa.

"Ni ile asubuhi?" Mwalimu aliuliza. "Ni mimi niliyeyasukuma?"

"Huenda yangetoka tu, mama. Mfupa ulikuwa umeshakwenda."

"Huenda."

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Lile neno la sijui lilimuuma kuliko kama angeambiwa ndiyo. Aliporudi nyumbani alikaa akafikiria zile seli za kwenye kibakuli cha kioo, zimelowekwa kwenye maji ya njano, zinajenga mfupa kwa utulivu, hakuna mtoto anayezililia. Akazionea wivu. Mtu mzima, mwalimu wa watu, anavionea wivu vitu ambavyo hata macho hayavioni.

Walijaribu meno ya bandia. Bamba lake lilitaka ukingo wa mfupa wa kukalia, na ukingo ulikuwa umebonyea, kwa hiyo likawa linateleza. Akitamka fee linashuka, akitamka dhwadi linagonga ulimi na kutoa mlio kama kifuniko cha sufuria. Abbasi akaomba alione, akaligeuzageuza mikononi mwake, akasema hata yeye hawezi kusimamisha kabati mahali pasipo na sakafu. Akaliweka kwenye kikombe, na kikombe akakificha nyuma ya vyombo ili mkewe asikione kila anapochota chai.

Mwalimu Zamda aliendelea kufundisha. Angefanya nini kingine? Masikio yake yalikuwa mazima, alijua kila herufi inakotoka, na sauti aliyoisikia kichwani mwake akisoma ilikuwa ileile ya zamani. Hilo ndilo lililomponza. Ndani alisikia thee. Nje ulitoka upepo, ulimi unapita kwenye pengo na midomo imezama ndani, na hakuna mtu pale chuoni aliyekuwa na ubavu wa kumwambia.

Tunu naye akaanza kung'oka meno, yale ya juu ya mbele, kama watoto wa umri wake. Thee yake ikaharibika, ikawa na upepo. Mwalimu hakumgonga goti. Alimtazama yule mtoto mwenye pengo kama lake na moyo ukamlainika kwa namna ambayo haukuwahi kulainika kwa mwanafunzi yeyote. "Usihangaike," alimwambia. "Yakiota itarudi." Akawa anamchungulia kinywani kila wiki, kama mkulima anayekwenda kutazama mche. Ncha nyeupe zikatokeza, zikakua, zikawa meno makubwa yenye ukingo wa msumeno, mapya kabisa, yenye mfupa chini yake.

"Haya," alisema siku alipoona yameshuka vya kutosha. "Soma sasa."

Tunu akasoma. Alipofika kwenye thee akavuta midomo ndani juu ya yale meno mazuri mapya, akaficha yote, akapitisha ulimi, na upepo ukatoka.

"Tena."

Upepo.

"Tunu. Wewe ulikuwa unaisoma vizuri. Kabla hujang'oka. Umesahau?"

Mtoto akashangaa. "Zamani nilikuwa nakosea, Mwalimu. Siku hizi nafanya kama wewe."

Mwalimu Zamda akamgeukia aliyekaa karibu naye, mvulana mkubwa, meno yake yote kamili. Upepo. Akamgeukia wa tatu, wa nne. Wote walivuta midomo ndani kabla ya kuanza, kwa uangalifu mkubwa, kwa utii, kama alivyowafundisha. Aliwasikia wote kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile alikuwa akidhani anasikia kisomo cha baba yake.

Abbasi alimletea simu yenye sauti za wasomaji wakubwa, akasema watoto wasikilize humo. "Simu inasoma," Mwalimu alimjibu. "Simu haimsikii mtoto." Alikuwa sahihi, na kuwa sahihi hakukumsaidia chochote. Akamwomba ampeleke Goweko.

Asmahani alitoka kwenye banda la kukaushia tumbaku, mikono imekolea rangi ya majani, akapiga magoti kumsalimia. Alimwangalia mwalimu wake mdomoni mara moja tu, akayateremsha macho chini. Walinyweshwa uji, wakaulizana habari za watoto. Kisha Mwalimu akasema alilolifuata.

"Nisomee. Popote. Nisomee nikusikie."

Asmahani akajipangusa mikono kwenye khanga. Huko kwa mumewe wanaongea Kinyamwezi asubuhi mpaka usiku, shamba halina kisomo. Akaanza. Alikwenda mistari michache, akajikwaa, akarudi nyuma, akajikwaa palepale. Thee yake ilikuwa imegeuka "s". Kuhusu dhwadi, ambayo miaka ile Mwalimu alimrudisha nayo mara kwa mara, sasa hakuna aliyeiulizia.

"Nimepoteza, Mwalimu," alisema. "Nisahihishe. Nionyeshe, nitaishika."

Akainua uso wake, akasubiri aangalie mdomo.

Mwalimu Zamda alikunja mkeka wa maneno hapohapo. Alimshika Asmahani bega, akamwambia tumbaku yake imestawi, akaaga. Njiani kurudi Tabora Abbasi aliendesha pikipiki polepole, na alijua mkewe analia kwa sababu mgongo wa shati lake ulilowa, lakini hakugeuka. Tabora haikosi walimu, watu wangemwambia hivyo, na ni kweli. Vyuo vipo, watoto wangehamia kwingine wakanyooshwa. Lakini kile kilichovuka Ugogo bila mzigo, kilichomfikia yeye mdomo kwa mdomo, alikuwa amekishika wa mwisho na kimemmwagikia mikononi.

Jumatatu watoto walikuja kama kawaida, wakaketi, wakafungua juzuu zao. Alikuwa amefikiria jambo moja, la mwisho. Angewanyima mdomo. Wasome kwa masikio, kila mmoja atafute herufi ndani ya kinywa chake mwenyewe, wala wasimfuate yeye. Akavuta ncha ya mtandio wake, akaifunika pua na mdomo, akaikaza nyuma ya sikio.

"Leo msiniangalie," alisema kupitia kitambaa. "Fungueni sura ya kwanza. Mosi, mbili, tatu."

Hawakuanza. Akainua macho kuona kuna nini. Tunu alikuwa ametulia, amemkazia macho kwa bidii yote ya mwanafunzi mwema. Taratibu akavuta ncha ya mtandio wake mdogo, akaifunika pua na mdomo, akahangaika kuikaza nyuma ya sikio mpaka ikakaa sawasawa. Mwenzake akatazama, akafanya vilevile. Wavulana hawakuwa na mitandio, wakavuta kola za kanzu zao mpaka puani. Walipohakikisha kwamba nyuso zao zimefanana na wa mwalimu wao, wakaanza kusoma, wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, na upepo ulipita kwenye kila kitambaa.